Woga Huzaa Uongo, na Uongo Huzaa Njaa

Ndugu msomaji, leo nataka tuzungumze habari ya ugonjwa mmoja usiotibiwa kwa sindano wala kwa mitishamba. Ugonjwa huo huanza mdomoni, hupita katika karatasi, na mwisho huishia tumboni mwa mtoto asiye na hatia. Wengine huuita rushwa, wengine huuita dhuluma, wengine ubovu wa viongozi. Majina hayo yote ni ya kweli, lakini ni majina ya matawi. Mimi nataka tuutazame mzizi. Nao mzizi, kwa kadiri nilivyosoma na kwa kadiri nilivyoona katika maisha yangu, ni woga.

Husemwa siku zote kwamba ukubwa humharibu mtu. Maneno hayo yana kweli, lakini ni nusu ya kweli. Cheo peke yake ni kama jembe: laweza kulima, na laweza kukata mguu. Kinachokigeuza cheo kuwa sumu ni hofu mbili zinapokutana. Ya kwanza ni hofu ya mkubwa, aogopaye kukipoteza alicho nacho. Ya pili ni hofu ya mdogo, aogopaye kuumizwa na mkubwa. Hofu hizo mbili zikikaa katika baraza moja, neno la kweli halina mahali pa kuketi. Na neno la kweli likitoka nje, mengine yote huharibika kwa zamu: hesabu, sheria, vitabu, nyimbo, na hata ghala la chakula.

Labda utasema, "Mwandishi huyu atuanzia kwa mafumbo." Basi niyaache mafumbo nikupe kisa. Ni kisa cha wakulima, watu kama wewe na mimi, ingawa nchi yao i mbali. Ni habari za China tangu mwaka 1958.

Mwaka ule Mwenyekiti Mao Zedong, mkuu wa chama kilichoitawala nchi ile, alianzisha mpango ulioitwa Hatua Kubwa Mbele. Nia iliyotangazwa ilikuwa nzuri: kuitoa nchi katika umaskini kwa muda mfupi. Wakulima wakakusanywa katika jumuiya kubwa, mashamba yakawa ya pamoja, watu wakaacha kupika majumbani wakala katika majiko ya pamoja. Kisha kutoka juu likashuka neno kwamba mavuno lazima yaongezeke. Halikushuka kama swali. Lilishuka kama amri. Ofisa aliyeandika mavuno makubwa alisifiwa. Aliyeandika mavuno ya kweli aliambiwa kuwa hana imani, au kwamba ni adui wa maendeleo.

Je, msomaji, wewe ungaliandika nini? Usijibu upesi. Fikiri kwanza kwamba una mke, una watoto, na jirani yako wa kijiji cha pili amekwisha kuandika kuwa yeye amevuna mara tatu ya mwaka jana, na amepigiwa makofi.

Basi yakaanza mashindano ya kalamu. Mwezi wa Agosti 1958 gazeti kubwa la chama lilitangaza kuwa huko Macheng, katika jimbo la Hubei, shamba moja la mpunga limetoa mavuno ambayo, ukiyageuza kwa vipimo vyetu, ni zaidi ya tani 100 kwa ekari moja. Mkulima hodari wa mpunga akipata tani 2 kwa ekari humshukuru Mungu! Gazeti lilichapa na picha ya watoto waliosimama juu ya mpunga, ati masuke yamesongamana hata yaweza kuwabeba. Kumbe mahali pengi mpunga uliokwisha kukua ulikuwa uking'olewa katika mashamba mengine na kushindiliwa katika shamba moja, ili wageni wakipita wastaajabu. Wakulima waliojua kilimo tangu utoto wao walitazama wakanyamaza. Nani angethubutu kumwambia mkubwa kuwa mpunga uliosongwa hivyo utaoza?

Mwisho wa mwaka hesabu za vijiji zilijumlishwa, na serikali ikatangaza kuwa nchi imevuna tani milioni 375 za nafaka. Mwaka uliofuata ikapunguza ikasema milioni 250. Baadaye sana ilijulikana kuwa mavuno ya kweli yalikuwa kama tani milioni 200 tu.

Pengine utasema, "Uongo wa karatasi haumuumizi mtu." Hapo ndipo penye msiba wenyewe. Serikali ilichukua sehemu yake ya nafaka kwa kufuata hesabu iliyoandikwa, si kwa kufuata magunia yaliyokuwamo ghalani. Nikupe mfano mwepesi. Kijiji kimevuna magunia 100. Kwa hofu kikaandika 300. Serikali ikasema, "Vema, tupeni theluthi moja." Theluthi ya 300 ni 100. Kijiji kikatoa magunia yote 100, kikabaki na sifa. Na sifa hazipikwi.

Walipokosa nafaka ya kutoa, wakubwa hawakusema, "Hesabu yetu ilikuwa ya uongo." Walisema, "Wakulima wameficha chakula." Watu wakapigwa na nyumba zikapekuliwa. Katika sehemu za Xinyang, jimbo la Henan, penye watu kama milioni 8, kama milioni moja walikufa, wengi wao katika majira ya baridi ya kuanzia mwisho wa mwaka 1959. Nafaka ilikuwamo katika maghala ya serikali. Askari mgambo waliwekwa njiani ili wenye njaa wasitoke wakaenda kuomba na kueneza habari. Barua kwa maelfu, zilizoandikwa na watu wakiomba msaada, zilizuiwa posta. Na mwaka huohuo wa 1959 nchi ile iliuza ng'ambo zaidi ya tani milioni 4 za nafaka, kwa kuwa karatasi zilisema kuna ziada.

Njaa hiyo iliendelea mpaka mwaka 1961. Wataalamu wanatofautiana juu ya idadi ya waliokufa: wako wasemao milioni 15, wako wasemao milioni 45. Hata ukishika hesabu ndogo kuliko zote, hiyo ni njaa kubwa kupita zote zijulikanazo katika karne ile. Hali ya hewa ilikuwa mbaya mahali pengine, ni kweli. Lakini jua haliandiki ripoti, wala mvua haizuii barua posta.

Sasa utauliza, "Katika nchi yenye watu mamia ya milioni, hakutokea hata mtu mmoja aliyesema?" Alitokea. Walitokea wengi, lakini nitakutajia mmoja, kwa sababu yaliyompata yanatufundisha jinsi woga unavyopandwa.

Peng Dehuai alikuwa Waziri wa Ulinzi, askari aliyepigana vita vingi pamoja na Mao, mtoto wa familia maskini ya kijijini. Alitembelea vijiji vya kwao akayaona mambo kwa macho yake. Mwezi wa Julai 1959, viongozi walipokutana mlimani Lushan, alimwandikia Mao barua. Hakuisoma hadharani, wala hakuipeleka gazetini. Ilikuwa barua ya mtu kwa mtu, yenye adabu. Alianza kwa kuyasifu mema yaliyotendeka, ndipo akataja makosa, na mojawapo ni tabia ya watu kuzidisha hesabu za mavuno.

Mao aliichukua barua ile akaamuru ipigwe chapa na kugawiwa kwa wote. Siku chache baadaye alisimama akamshambulia mwandishi wake. Peng aliondolewa katika cheo chake, akaitwa mpinga chama. Baada ya hapo msako ulishuka mpaka vijijini kuwatafuta watu wenye mawazo kama yake. Na jambo la kusikitisha ni hili: kabla ya mkutano ule viongozi walikuwa wamekwisha kuanza kupunguza makali ya mpango wao. Baada ya Peng kuangushwa, hakuna aliyethubutu tena kusema mavuno ni madogo. Uongo ukarudi kwa nguvu mpya, na mwaka 1960 ukawa mwaka wa vifo vingi kuliko yote.

Mtu mmoja aliadhibiwa, na nchi nzima ikafunga mdomo. Angalia hapo, msomaji, kwa maana ndipo lilipo neno ninalotaka ulishike. Watu hawajifunzi woga kwa kusoma sheria. Hujifunza kwa kutazama yaliyompata msemaji wa kwanza.

Nasema hivyo kwa sababu miezi mitatu tu kabla ya mkutano wa Lushan, yaani Aprili 1959, Mao mwenyewe alikuwa amewahimiza viongozi wenzake wawe na ushujaa wa kusema kweli. Akawapa na mfano wa kufuata: Hai Rui, ofisa wa zamani sana, wa miaka ya 1500. Huyo Hai Rui alimwandikia mfalme wake barua ya kumkosoa. Yasimuliwa kwamba kabla ya kuipeleka alijinunulia jeneza, maana alijua mwisho wake. Mfalme alimfunga, naye akaokoka kwa kuwa mfalme alikufa kabla ya kumwua. Basi Mao alisema watu waige moyo wa Hai Rui. Peng alipoutoa moyo huo ukaonekana, akavunjwa. Tangazo lilisema, "Semeni." Kitendo kilisema, "Nyamazeni." Watu wenye akili walitii kitendo.

Hapa ndipo habari za ghala zinapokutana na habari za vitabu. Katika mji wa Beijing alikuwako mwanahistoria aitwaye Wu Han, tena alikuwa naibu wa meya wa mji ule. Mwaka 1959, mfano wa Hai Rui uliposifiwa, yeye alihimizwa aandike juu ya mtu huyo. Akaandika makala, kisha akatunga mchezo wa kuigiza. Katika mchezo huo Hai Rui anaamuru wakulima warudishiwe mashamba waliyonyang'anywa na jamaa za wakubwa, na kwa sababu hiyo anaondolewa cheo. Mchezo ulionyeshwa mwaka 1961, watu wakautazama.

Miaka ikapita. Mwezi wa Novemba 1965 makala ndefu ilitokea katika gazeti la Shanghai ikiushambulia mchezo ule. Mwezi uliofuata Mao akasema wazi kwamba Hai Rui wa mchezo ule ni Peng Dehuai. Kilichokuwa sifa mwaka 1959 kikawa hatia mwaka 1965. Toka hapo yakafuata machafuko ya miaka 10 yaliyoitwa Mapinduzi ya Utamaduni. Ma Lianliang, mwigizaji mashuhuri aliyekuwa Hai Rui jukwaani, aliteswa akafa Desemba 1966. Wu Han alikufa gerezani mwaka 1969, na mkewe alimtangulia mwaka huohuo. Peng Dehuai naye alikamatwa, akapigwa mbele ya makundi ya watu, akafa mwaka 1974 akiwa bado kifungoni. Baadaye serikali ya nchi ile ilitangaza kuwa walionewa. Lakini tangazo halimfufui mtu.

Nisikufiche jambo moja juu ya Wu Han, maana kweli haichagui upande. Mwaka 1957, serikali ilipowasaka wasomi waliosema sana, yeye alikuwa miongoni mwa waliosimama kuwalaani wasomi wenzao. Je, alifanya kwa imani au kwa woga? Moyo wa mtu ni kiza kinene. Lakini yatupasa tujue kuwa anayeusaidia moto kuunguza nyumba ya jirani hana ahadi ya upepo.

Na vitabu je? Vitabu navyo viliugua. Lao She, mtungaji aliyependwa sana kwa hadithi zake za watu maskini wa Beijing, alipigwa hadharani Agosti 1966, na muda mfupi baadaye maiti yake ikakutwa ziwani. Wengine waliendelea kuandika, lakini waliandika kama mtu atembeaye gizani akipapasa ukuta. Kwa miaka mingi jukwaa la nchi ile kubwa lilitawaliwa na michezo minane ya mfano. Humo watu wema ni wema tangu utosi mpaka kisigino, na wabaya ni wabaya hata kivuli chao. Hakuna mama anayesitasita, hakuna kiongozi anayekosea, hakuna mkulima mwenye njaa. Hadithi ya namna hiyo haisemi tusi wala haichochei fujo, lakini imeoza, kwa sababu imetungwa na woga. Mtu akiisoma hajioni mwenyewe ndani yake, na asiyejiona hawezi kujirekebisha.

Msomaji wangu, usije ukadhani haya ni mambo ya Wachina tu. Ninyi mnaosoma Maandiko nyumbani mnakumbuka kisa cha mfalme Ahabu, aliyekuwa na manabii 400 wa kumwambia alitakalo, na mmoja tu, Mikaya, wa kumwambia iliyo kweli. Mikaya alitiwa kifungoni, na mfalme akaenda vitani akafa. Wale 400 walimwua kwa maneno matamu.

Katika lugha yetu hii ya Kiswahili, Shaaban Robert alituachia Kusadikika, kitabu kilichotoka mwaka 1951, tulipokuwa bado chini ya Waingereza. Ni habari ya nchi inayoelea hewani, ambayo wajumbe wake walitumwa kutafuta mema katika nchi nyingine, na waliporudi na ushauri mwema wakatupwa gerezani. Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali. Alijua mahali alipokaa. Aliivisha kweli yake kanzu ya hadithi, nayo ikapita mlangoni.

Na huko Kenya, mwaka 1968, kijana wa Mombasa aitwaye Abdilatif Abdalla, mwenye miaka 22, aliandika kijikaratasi cha kuuliza nchi yake inakwenda wapi. Alihukumiwa miaka 3. Gerezani alitunga mashairi kwa siri, akayaandika juu ya karatasi za chooni. Yalichapwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na mwaka 1974 yakapata tuzo ya uandishi iliyoitwa kwa jina la Jomo Kenyatta, yaani jina la rais yuleyule ambaye serikali yake ilimfunga! Hivyo waona kuwa neno lililotungwa bila woga lina maisha marefu kuliko hukumu iliyotolewa kwa woga.

Lakini nisikae na wakubwa na washairi tu. Nina jambo nililoliona mwenyewe, nilipokuwa mwalimu kijana katika kijiji kimoja cha Usukuma. Kijiji sikitaji, wala watu wake siwataji, maana wengine wangali hai.

Ulikuwa mwaka wa ukame. Mahindi yalikauka yakiwa kimo cha magoti. Karatasi ikaja kutoka juu kuuliza hali ya chakula. Mkutano ukaitwa chini ya mwembe, na katibu akasoma majibu aliyokuwa ameyaandaa: ekari kadhaa zimelimwa, mavuno ni ya kuridhisha, wananchi wana chakula cha kutosha. Kisha akauliza, kama ilivyo desturi, "Wote mmekubali?" Wanaume tukatazama chini. Kila mmoja alijua nyumbani kwake kuna nini. Lakini mwenyekiti alikuwa mtu mkali, tena ilijulikana kuwa alitazamia kupandishwa, na kijiji chenye njaa hakimpandishi mtu.

Ndipo akasimama bibi mmoja mjane, mkunga wa kijiji. Hakupaza sauti. Alisema, "Mwanangu mwenyekiti, mimi ndiye niliyekupokea siku uliyozaliwa, kwa mikono hii. Nakuomba unionyeshe hicho chakula cha kutosha, maana wajukuu zangu jana wamelala na maji." Watu wachache wakacheka, kisha kicheko kikakatika.

Nilimtazama mwenyekiti. Wote tulimtazama. Msomaji, nakuambia kweli, kijiji kizima kilikuwa shuleni dakika ile. Kama angemfokea mama yule, au angemwambia mgambo amtoe, sisi sote tungejifunza somo letu, na mwaka uliofuata hata mkunga angenyamaza. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akamwambia katibu, "Futa. Andika kama alivyosema mama."

Baada ya hapo midomo ikafunguka. Huyu akasema amebaki na debe moja, yule akasema hana kitu, mwingine akasema amekwisha kula mbegu. Katibu akaandika mpaka jua likazama. Barua ilipelekwa, na baada ya wiki kadhaa magunia ya mahindi ya msaada yakaletwa. Hayakutosha, walipewa kwanza wenye watoto wadogo na wazee. Lakini yalikuja, na yasingekuja kwa ile barua ya kwanza. Mwenyekiti hakupandishwa cheo mwaka ule. Hata hivyo tangu siku ile watu walipomwita "mzee", walimaanisha.

Mara nyingi nimewaza juu ya watu wawili wale. Mkunga tunamsifu, na anastahili. Lakini mwenyekiti naye alifanya kazi ngumu. Yeye alikuwa na hofu yake, hofu ya cheo, na mbele ya macho ya watu aliimeza. Taifa lahitaji watu wa namna zote mbili: wenye kusema, na wenye cheo wanaoweza kuambiwa. Ukiwapata wa kwanza bila wa pili, utajaza magereza. Ukiwapata wa pili bila wa kwanza, viongozi wema watapotea njia kwa kukosa wa kuwaambia.

Basi tufanye nini sisi tulio vijijini, tusio na majeshi wala magazeti? Naona tunaweza kufanya mengi, tena tuanze nyumbani. Baba mwenye kuogopwa kuliko kupendwa hulea watoto waongo. Mtoto akivunja mtungi akakuambia kweli, nawe ukamchapa kupita aliyeficha, umekwisha kuwafundisha wote. Atakapokua akawa karani, ataandika ulivyomfundisha. Mrudi mtoto kwa kosa lake, lakini mfanye aone kuwa kweli imempunguzia adhabu.

Katika chama cha ushirika, katika kamati ya shule, katika jumuiya zetu, tudai kitabu cha mkutano kisomwe kwa sauti mbele ya waliokuwapo, na yaandikwe yaliyosemwa, siyo yale yaliyotakiwa kusemwa. Neno "wote walikubali" lisiandikwe mahali ambapo wote walitazama chini. Magunia yahesabiwe mbele ya wenye magunia. Mizani ikae mahali pa wazi. Wala tusimwache msemaji wa kwanza asimame peke yake. Akimaliza kusema, wa pili na asimame upesi, maana mmoja hupigwa kirahisi, lakini kumi hushauriwa. Na wewe uliye na cheo, hata kama ni cheo cha nyumba kumi tu, mtu akikukosoa mbele za watu, jua kwamba wote wanakutazama wewe, hawamtazami yeye. Jibu lako la siku hiyo litakaa kijijini miaka mingi.

Nasi tunaopenda kuandika, na vijana mnaotunga nyimbo na ngonjera za kuwapokea wageni, tukumbuke kuwa sifa ni kama chumvi. Mgeni akija, mwimbieni, ndio uungwana. Lakini katika beti 10 za kumsifu, iweni na ubeti mmoja wa kumwambia kuwa kisima kimekauka.

Nimalize kwa habari ya Mchina mmoja zaidi. Yang Jisheng alikuwa mwanafunzi mwaka 1959 alipoambiwa kuwa baba yake anakufa kwa njaa. Alikwenda nyumbani na mchele kidogo. Baba hakuweza tena kumeza, akafa baada ya siku tatu. Kijana alilia, lakini hakuilaumu serikali, kwa maana alisadiki yote aliyoyasoma magazetini. Aliona kuwa ni msiba wa nyumba yao tu. Akawa mwandishi wa habari katika shirika la serikali kwa miaka mingi. Ndipo polepole akaanza kuuliza, akapita majimboni akisoma kumbukumbu zilizofungiwa makabatini, akaandika kila hesabu aliyoiona. Kwa hesabu yake waliokufa ni milioni 36. Kitabu chake kilichapwa Hong Kong mwaka 2008, na katika China bara kimekatazwa. Alikiita kwa jina la jiwe linalowekwa juu ya kaburi, liwe jiwe la baba yake, na la wale wote waliozikwa bila jiwe.

Ilimchukua zaidi ya miaka 40 kuandika yaliyompata baba yake, naye alikuwapo na aliyaona kwa macho yake. Hivyo ndivyo woga na uongo unavyoweza kumfunga macho hata mwana mwema. Kwa hiyo, ndugu msomaji, utakapolikunja gazeti hili, jiulize swali moja dogo. Katika nyumba yako, au katika kamati yako, au mahali popote unapokaa kwenye kiti kilichoinuka kidogo kuliko vya wenzako, ni nani awezaye kukuambia "La, sivyo", kisha akalala usingizi usiku ule? Ukimjua, mtunze kama mbegu. Ukiona hayupo, usifurahi kuwa una amani. Nenda kalitazame ghala.